Vioo Wamepanda Daraja, Baba Neema

Mpendwa Baba Neema,

Naanza na matokeo, maana siku ya Jumamosi hukuwahi kuitikia salamu ya mtu kabla hujajua timu yako imefanya nini. Vioo wameshinda mechi ya mwisho, tena ugenini, kwenye uwanja wenye tope, na wamemaliza wakiwa vinara wa daraja la kwanza. Msimu ujao watacheza ligi kuu ya Latvia. Nimeandika kwamba wamepanda, sikuandika kwamba wamerudi, na nimefanya hivyo kwa heshima yako. Mzee Andris yeye anasema wamerudi. Nilimwacha aseme, kwa sababu alikuwa analia, na mzee akilia hasahihishwi.

Sasa salamu. Sisi hatujambo. Theluji ya kwanza imeanguka ikayeyuka siku hiyo hiyo, kwa hiyo kila mtu kwetu Saint Paul anajidai kwamba mwaka huu baridi itakuwa nafuu. Gari lako bado liko gereji na nimelibadilishia betri. Kanisani wanakukumbuka kwa namna ya watu wazima, yaani wananiuliza mimi kama nimekula.

Kuna jambo kubwa kuliko mpira ninalotaka kukueleza, ila siwezi kulifikia bila kupitia kwenye mpira. Neema amejifungua mtoto wa kiume. Tangu yuko tumboni alitaka apewe jina lako, na mimi nilikataa. Nilikataa kwa maneno yako mwenyewe, yale uliyoyasema kuhusu Vioo. Kwa hiyo nivumilie nikusimulie habari za timu yako kana kwamba huzijui. Nadhani mwaka huu nimeielewa kuliko miaka yote niliyokuwa nakuandalia chai ya kuitazamia.

Ulikwenda Riga ukiwa kijana, kusomea ufundi wa ndege, nchi ile ikiwa bado chini ya Wasovieti. Mwanafunzi mwenzako akakualika kwao Jumapili moja, mji mdogo wenye kiwanda cha vioo, mwendo wa treni kutoka Riga. Baada ya chakula wakakupeleka uwanjani. Ilikuwa timu ya kiwanda na wachezaji walikuwa wafanyakazi: kipa alikata vioo vya madirisha, beki wa kati aliendesha lori la mchanga. Wapinzani wakaimba kwamba leo kioo kitavunjika. Uliniambia ulisimama kwenye jukwaa la mbao, mtu mweusi peke yako, ukajua watakukodolea macho dakika zote tisini. Walikukodolea kweli, mpaka Vioo walipofunga bao, halafu bibi mmoja akakukumbatia na kukujazia mfuko wa koti mbegu za alizeti. Ukawa mshabiki kuanzia hapo. Nilikuwa nakutania kwamba kumbe wewe ni mtu wa kununuliwa kwa mbegu, nawe ukanijibu kwamba nisishangae, mimi mwenyewe nilikupata kwa wali na maharage.

Wasovieti walipoondoka, Latvia ikawa na ligi yake yenyewe, na Vioo wakaingia ligi kuu. Ulikuwa bado huko. Uliwaona wakichukua ubingwa wao wa kwanza mvua ikinyesha, na ulipokuwa unaisimulia siku hiyo sauti yako ilikuwa inabadilika, hata mimi niliyeisikia mara nyingi nilikuwa naacha kukatakata vitunguu. Wakachukua na mwingine. Wakacheza mashindano ya Ulaya, wakafungwa kapu la mabao na timu kubwa ya kigeni. Kipigo hicho ulikisimulia kwa fahari kuliko ubingwa, kwa sababu bao la kwanza la mechi walifunga wao. Wakati huo ulikuwa umesharudi Tanzania na tumeshaoana. Habari ulizipata kwa simu za yule rafiki yako, na ndugu zangu wakawa wanashangaa mume gani huyu asiyebishana juu ya timu zetu mbili za nyumbani. Kaka yangu alikuambia mkataa kwao mtumwa. Ukacheka ukamwambia hujakukataa kwenu, ila moyo una viti vingi.

Tulipohamia huku na ukapata kazi ya kutengeneza ndege Bloomington, nilidhani Vioo wangebaki upande wa pili wa bahari. Halafu siku moja ya baridi tukaenda pale kwenye jengo kubwa la maduka kumnunulia Neema viatu, na wewe umejifunga skafu yako ya Vioo, ya kijani na nyeupe. Mzee wa kizungu akasimama mbele yetu, akaishika ile skafu kwa mikono miwili bila kuomba ruhusa, akaanza kusema lugha nisiyoijua. Nilidhani ni ugomvi. Riga ulisoma kwa Kirusi, na Kilatvia chako chote ulikuwa umekiokota jukwaani, kwa hiyo ukamjibu kwa sentensi pekee uliyokuwa na uhakika nayo: ukamwambia refa ni kipofu. Mzee akacheka mpaka akashika ukuta. Huyo ndiye Andris. Alizaliwa Ulaya kwenye kambi ya wakimbizi, akaletwa Minnesota akiwa mtoto mchanga, na wazazi wake walitoka mji ule ule wa kiwanda cha vioo. Yeye alikuwa hajawahi kuwaona Vioo wakicheza. Wewe ulikuwa umewaona.

Tangu hapo akawa anakuja Jumamosi asubuhi kutoka St. Louis Park, kwa sababu Latvia ikiwa mchana huku ndiyo kwanza kunakucha. Mlikuwa mnaweka kompyuta juu ya meza ya jikoni. Yeye alileta mkate mweusi, mimi nilitoa maandazi, na mlikuwa mnaipigia kelele picha inayokatikakatika mpaka Neema akashuka na blanketi kuwaomba mpunguze. Anawakumbuka hivyo mpaka leo.

Halafu mgema akasifiwa. Tajiri aliyekuwa amenunua kiwanda pamoja na timu akaleta wachezaji kutoka kila kona ya dunia, vijana wa mji wakakaa benchi, baadaye hata benchi hawakuliona. Ulikuwa unasema usiache mbachao kwa msala upitao, na Andris akataka atafsiriwe, na ulipomtafsiria akaipenda mpaka akawa anaisema vibaya kila wiki. Kiwanda kikafungwa. Tajiri akaenda zake. Siku chache kabla ya msimu kuanza timu ikanyang'anywa leseni, na ikafa, hivyo hivyo, bila hata kushuka daraja. Andris akaleta habari akiwa amevaa suti kama mtu anayekuja msibani. Ulisema la kuvunda halina ubani, ukatoka nje kuondoa theluji ambayo nilikuwa nimeshaiondoa mimi.

Ila Andris hakuacha kuja. Misimu ikapita hamna mechi, mnakunywa chai na kompyuta imefungwa, mnasimuliana mabao ya zamani. Mpaka binamu yake akapiga simu kutoka kule: watu wa mji wameunda timu, imeanzia daraja la chini kabisa, inavaa kijani na nyeupe, na jina ni lile lile. Andris alikuja huku amebeba keki. Akasema Vioo wamefufuka.

Wewe ukatikisa kichwa. Nakumbuka ulivyoweka kikombe chini polepole. Ukamwambia hawa siyo Vioo, hawa ni wajina wa Vioo. Akauliza wajina ni nini. Ukamweleza kwamba watu wawili wenye jina moja huitana hivyo, wanapendana na kutaniana, lakini kila mmoja ana mama yake. Andris akasema hata kwao neno hilo lipo, wanasema ndugu wa jina, na ndugu ni ndugu. Ukamfungulia tovuti ya ligi ukamwonyesha kwa kidole. Mstari wa timu ya zamani umefungwa pamoja na makombe yake yote, na timu mpya imeandikwa mstari wake peke yake, haina kitu.

"Ndugu wa jina harithi makombe," ukamwambia. "Aliyekufa aachiwe vyake."

Mlibishana juu ya hilo miaka. Ligi imetoa hukumu, ulisema wewe. Ligi haijui mtu anashangilia nini, alisema yeye. Ubishi ukiisha mnatazama mechi ya hao hao wajina, na wakifunga unaruka kuliko yeye. Mliniomba niwe refa nikakataa. Nilisema refa anayelala chumba kimoja na mchezaji hawezi kutoa haki.

Nikuulize kama unakumbuka ulivyougua? Ulianguka gereji, nikapiga simu ya dharura, mtu wa upande wa pili akaniuliza jina la mgonjwa. Nikasema Baba Neema. Akauliza tena jina kamili, nikarudia, Baba Neema, kwa sauti kubwa, nikidhani hasikii. Mimi ambaye kazi yangu kule hospitalini Maplewood ni kuwafunga wagonjwa mikanda ya mkononi yenye majina kila siku ya Mungu. Kwetu mke hataji jina la mume, na nililelewa na mama ambaye hakumtaja baba hadi anaingia kaburini. Kabla Neema hajazaliwa nilikuita mwenzangu, nikakuita wewe, nikakuita "sikia." Baada ya hapo Baba Neema, basi. Ulipozinduka wauguzi walikuwa wanakuita Mista Baba. Uliponiuliza sababu nikakueleza, ulicheka mpaka mashine ikalia na muuguzi akaja mbio. Neema ndiye aliyekwenda kuwarekebishia.

Sitasimulia siku ile ya mwisho yenyewe. Ulikuwepo.

Jumamosi ya kwanza baada ya mazishi Andris alikuja. Alisimama mlangoni na mkate wake, hajui kama aingie, na mimi sikujua kama nimkaribishe, halafu nikaona ni upuuzi tusimame pale tuingize baridi ndani. Nikawasha kompyuta. Sikukaa kwenye kiti chako, nilivuta kile cha dirishani. Andris akaanza kunifundisha kuotea ni nini. Nilimwambia najua, nimeolewa na mpira muda mrefu, kumbe sikujua. Sasa najua. Namjua kipa wetu mpya, mrefu, mzito kuteremka kwenye mipira ya chini. Ungemsema sana.

Kiangazi Neema akaja na picha ya kipimo, akaniambia ni mtoto wa kiume, akaniambia jina. Alikuwa na furaha, amefungua mikono. "Mama, tutampa jina la Dad. Watu watamwita Zach." Nikamwambia hapana. Akadhani sijasikia. Nikamwambia hapana, aliyekufa aachiwe vyake, na ni baba yako aliyesema. Akaniuliza ulisema lini. Nikamjibu ulisema jikoni kwangu, na ni kweli ulisema. Sikumwambia ulikuwa unasema kuhusu mpira. Wanasema asiyekuwepo na lake halipo, lakini lako nililishikilia kwa nguvu kuliko ulivyolishikilia wewe.

Ukweli niliogopa. Niliogopa kusikia Zakaria amevunja sahani, Zakaria hataki mboga, Zakaria ana alama mbaya za hesabu. Niliogopa kwamba siku itafika mtu akilitaja jina hilo kila mmoja chumbani atamfikiria yule mdogo, na wewe utakuwa umeshushwa daraja bila kufungwa. Na hilo la kukatwa liwe Zach likanichoma zaidi. Neema akalia, akasema, "You don't even say it, Mama. Hata wewe hulisemi." Tangu siku hiyo tukawa tunaongea kwa heshima tu, na unajua kati ya mama na binti heshima tupu ni njaa. Alinipigia kuuliza kipimo cha mchele tu. Sikuwa nalala vizuri. Mtoto akazaliwa salama, nikaenda Bloomington nikamkanda mwanangu na kumpikia mtori, na wakati wote huo mtoto akawa anaitwa Baby. Mumewe alitembea nyumba nzima kama mtu aliye kwenye maktaba. Hakuna aliyethubutu kuuliza.

Ndipo Jumamosi iliyopita, baada ya filimbi ya mwisho, Andris alipomaliza kulia nikamwuliza jambo ambalo hamkuwahi kuulizana miaka yote ya ubishi wenu. Nilitaka kujua kwa nini wale watu walichukua jina la zamani, ikiwa walijua hawatapewa makombe yake. Wangejiita chochote.

Akanieleza alivyosimuliwa na binamu yake. Miaka ile ya bila timu, wazee wa mji waliendelea kwenda uwanjani Jumamosi. Walikaa jukwaani tu. Mara nyingine watoto wa shule walicheza pale, na wazee wakataka kuwashangilia, wakajaribu kutaja jina la shule, lakini midomo haikulizoea, kelele zikawa hazitoki. Timu mpya ilipoundwa vijana walileta mapendekezo ya majina mazuri ya kisasa. Mama mmoja mzee akasimama kwenye mkutano akawaambia wachague wanalotaka, lakini yeye atapiga kelele za Vioo, hata wakijiita nini. Wengine wakasema na wao pia. Basi ikawa hivyo. Habari ya makombe hakuna aliyeitaja siku ile.

Halafu Andris akajifuta pua akasema, "Zakaria alikuwa sahihi juu ya makombe. Nilimbishia kwa sababu ya keki yangu."

Nikacheka, na katikati ya kicheko nikagundua jambo lililoniumiza. Andris analitaja jina lako bila shida, na linapendeza mdomoni mwake. Mchungaji alilitaja kaburini. Wauguzi walilitaja, baada ya kurekebishwa. Wenzako wa kazini wanalitaja mpaka leo wakinikuta dukani. Mimi, jina nililokuwa nalilinda kwa ukali wote ule halikuwahi kupita mdomoni mwangu hata siku moja. Kama lingeachiwa mimi peke yangu, Baba Neema, lingekuwa limekwisha.

Kesho yake baada ya ibada nikaendesha kwenda kwa Neema. Nilimkuta sebuleni, mtoto amelala kifuani pake. Nikamwambia ampe.

"Nimpe nini?"

"Jina la baba yako."

Akaniangalia. Ana macho yako ya kukagua mtu kama injini. Akasema nilitaje mimi. Nikamwambia analijua. Akasema analijua, lakini hajawahi kulisikia kwangu, na mtoto hatapewa jina ambalo bibi yake hawezi kumwitia. Nikajaribu kukwepa kwa njia ya bibi zetu wote, nikamchukua mtoto nikasema huyu ni mume wangu, mume wangu hana haja ya jina. Neema akacheka lakini hakunisamehe. "No, Mama. Sema."

Kwanza nikaweka masharti. Nikamwambia asiambiwe kila siku kwamba babu yake angefanya hivi au vile. Makombe yako ni yako, mstari wako umefungwa, na hakuna wa kukuongezea bao wala kukupunguzia. Huyu aanzie chini kabisa kama kila mtu na asitukanwe kwa hilo. Na asikatwe jina. Akikatwa na wenzake shuleni sawa, lakini siyo nyumbani. Neema akasema yes kwa kila kimoja, machozi yanamtoka, na mimi nikajua nimeshaishiwa na masharti.

Nikalitaja. Mara ya kwanza lilitoka vibaya, silabi zimegandana, nikaona aibu kama msichana. Nikarudia. Zakaria. Mtoto akafumbua macho, akakunja uso, akatoa mguno mdogo wa mtu aliyesumbuliwa usingizini. Nimeishi na wewe maisha yangu yote ya utu uzima bila kukuita kwa jina lako, na siku nilipoita, aliyeitika hakuwa wewe.

Nimelia kwa hilo, na Neema amelia na mimi, na tumekula pamoja kwa mara ya kwanza tangu kiangazi bila heshima yoyote. Nimebaki kwake wiki nzima. Barua hii naiandikia hapa, juu ya meza yake.

Pumzika, mume wangu mkubwa. Nakupenda, na hilo nalo sikulisema sana. Nakomea hapa, maana huyu mdogo ameamka, na wananiambia hanyamazi mpaka nimwite mimi.

Mkeo,
Mama Neema